Namna ya Kulipua Bomu Mara Elfu Kumi Bila Kumshtua Mbuzi wa Ikungi

Singida inaijua silaha isiyotii amri. Wanyaturu wanasimulia habari za Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwaachia nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini Singida leo unaitwa kwa jina lake. Mtu yeyote aliyewahi kurina asali anajua maswali ambayo silaha ya namna hiyo inayataka. Upepo unatoka wapi? Watoto wako wapi? Nyuki wakitugeukia sisi, tunakimbilia upande gani? Na nani kati yetu ana mamlaka ya kusema leo hapana? Usimamizi wa vihatarishi katika majaribio ya silaha umejengwa juu ya maswali hayohayo manne. Kompyuta imekuja kuyajibu kwa haraka zaidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, afande, uliyekabidhiwa kazi ya kujaribu silaha mpya. Tuseme ni kombora la mzinga. Tuseme umepewa eneo kwenye nyika ya Singida, mahali fulani kati ya Ikungi na Itigi. Uwanja huo haupo, tumeuchora kichwani tu, na ndivyo kazi hii inavyotakiwa kuanza: kila kitu kitokee kwanza mahali ambapo hakuna anayekatika mguu. Baadhi ya maelekezo yatakuchekesha. Cheka, kisha uyafuate kama yalivyoandikwa.

Anza kwa kulipua mara elfu kumi kabla ya kulipua mara moja. Ndiyo, elfu kumi, na ukipata muda fanya laki moja, kwa kuwa milipuko hiyo yote inatokea ndani ya kompyuta na haimgharimu mlipa kodi zaidi ya umeme. Wazo hili lilizaliwa mwaka 1946, mwanahisabati Stanislaw Ulam alipokuwa akijiuguza na kupitisha muda kwa kucheza karata peke yake. Alijaribu kukokotoa uwezekano wa kushinda mchezo, hesabu ikawa ndefu mno, akaona njia nyepesi: cheza mara nyingi, kisha hesabu umeshinda mara ngapi. Akampelekea mwenzake John von Neumann wazo hilo, na miaka miwili baadaye lilikuwa likifanya kazi kwenye ENIAC, kompyuta ambayo jeshi la Marekani liliigharamia ili iwakokotolee majedwali ya kulengea mizinga. Njia hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa kamari.

Kwa kombora lako kazi inakwenda hivi. Kasi ya kutoka mdomoni mwa mzinga haiwi ileile kila mara. Baruti iliyoshinda juani inasukuma kwa nguvu kuliko iliyolala kivulini. Uzito wa kombora unatofautiana kidogo na wa mwenzake. Pembe ya mtutu ina kosa dogo, na upepo hautulii. Katika kila mzunguko kompyuta inachagua kiasi kimoja kwa kila jambo, ndani ya mipaka uliyoipima mwenyewe, inafyatua, na kuweka doa kwenye ramani. Baada ya mizunguko elfu kumi ramani ina wingu la madoa, zito katikati na jembamba pembeni. Wakubwa watakuuliza wastani uko wapi. Waonyeshe, kisha uwapeleke kwa kidole hadi kwenye doa lililokwenda peke yake, mbali na wenzake, jirani na barabara ambayo watu hupitisha baiskeli zenye magunia ya mkaa. Mpaka wa uwanja unachorwa kwa kulifuata doa hilo. Watu hawafi kwenye wastani.

Nyanda hizi nazo zina neno lao. Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Hewa nyepesi hailizuii kombora sana, nalo linakwenda mbali zaidi. Jedwali lililotengenezwa kwa hewa ya pwani, likitumika huku bila kusahihishwa, litakuambia kwamba kombora limetua ndani ya uwanja wakati limetua katikati ya alizeti ya mtu. Upepo nao usiukadirie kwa kutazama bendera ya kambini. Ni upepo uleule uliowaleta wapimaji wa umeme wa upepo hadi Kititimo, na kombora linapita juu sana, ambako upepo unaweza kuwa na mwelekeo tofauti kabisa na ule unaopeperusha bendera. Pima katika vimo mbalimbali, kiangazi na masika, kabla programu haijaguswa.

Sasa tufike kwenye jambo linalowashinda hata mabingwa. Tarehe 1 Machi 1954, katika kisiwa cha Bikini kwenye Bahari ya Pasifiki, Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni lililoitwa Castle Bravo. Wataalamu walikuwa wamekokotoa nguvu ya takriban megatani 6. Ikaja 15. Ndani ya bomu kulikuwa na aina mbili za lithiamu, na moja kati ya hizo, lithiamu-7, ilihesabiwa kuwa haitashiriki katika mlipuko. Ilishiriki. Majivu yenye mionzi yakavuka mstari uliochorwa kwenye ramani, yakawaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap, na yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya meli yao, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Mmoja wao, fundi wa redio Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Wavuvi wale hawakuvunja tangazo lolote. Walikuwa mahali ambapo ramani iliwaambia ni salama.

Kwa hiyo chukua karatasi kubwa, uandike juu yake kwa kalamu nene: MAMBO TULIYODHANI HAYAHUSIKI. Ibandike ukutani, kubwa kuliko ramani na kuliko picha yoyote iliyomo chumbani. Kila anayeingia aandike jambo moja, hata dereva, hata mama anayeleta chai. Aliyeandika jambo la kipuuzi asichekwe, maana lithiamu-7 nayo ilionekana haina maana mpaka saa ile.

Singida itaijaza karatasi hiyo upesi. Picha ya setilaiti inahesabu mabati yanayong'aa. Tembe, ile nyumba ya Wanyaturu na Wagogo yenye paa bapa la udongo, ukiitazama kutoka juu inafanana na ardhi inayoizunguka. Familia nzima inaweza kuwa imelala chini ya kipande cha ramani kilichoandikwa kwamba hakuna makazi. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, wanafuata wanyama, mizizi na asali, na kibanda chao cha matawi hakikai mahali pamoja muda wa kutosha kuingia kwenye ramani ya mtu. Wafugaji wa Kibarabaig na wa Kisukuma wanapita na ng'ombe kwa njia zinazobadilika kila maji yanapokauka. Warina asali wa upande wa Manyoni, huko iliko Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, wanaingia porini usiku, saa zilezile ambazo mpango wako unasema pori ni tupu. Halafu kuna mnada. Siku sita njia ina watu wachache, siku ya saba imejaa ng'ombe, mbuzi, pikipiki na wauza nyama choma, na mwenye kuchora ramani kwa takwimu za Jumanne hatamwona hata mmoja wao.

Dawa ya hili ni kumwita mchungaji. Sisemi mwakilishi aliyevaa suti aje kusoma risala ya wafugaji. Nasema yule mwenyewe anayejua ng'ombe wanakunywa wapi mwezi wa Septemba. Mpe kiti cha mbele, chai ya kwanza, na posho ileile anayolipwa mhandisi, kwa sababu ameleta takwimu ambazo mhandisi hana. Kama amekuzidi umri mpe shikamoo yake kwanza, kisha muulize taratibu: mzee, mbuzi wakipotea huwa mnawatafuta upande gani? Lambo likikauka mnahamia wapi? Vijana wanakata njia gani kurudi mnadani usiku? Mama aokotaye kuni muulize na yeye, maana yeye anaingia ndani ya kichaka ambacho ng'ombe hawaingii. Majibu yao yasiishie kwenye muhtasari wa kikao. Yaingie kwenye programu kama namba: watu wangapi, saa ngapi, mwezi gani, njia ipi. Kisha rudia ile mizunguko elfu kumi, na safari hii kila doa lijibu swali la ziada: hapo lilipoangukia, saa hiyo, kulikuwa na nani?

Bado hujafyatua chochote, afande, na tayari umejifunza kuhusu Ikungi kuliko waliokutangulia. Tuendelee.

Kabla kombora halijafika kwenye mtutu litalala ghalani, na ghala halina mtu wa kulilenga kwa uangalifu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2011 miongozo ya kiufundi kuhusu risasi na mabomu, na ndani yake kuna kanuni ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua uzito wa vilipuzi kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu, zidisha kwa 22.2. Jibu ni idadi ya mita zinazotakiwa kati ya ghala na nyumba ya kawaida. Kwa shule au hospitali zidisha kwa 44.4. Kilo 1,000 zina kipeuo cha 10, hivyo nyumba ikae mita 222 na shule mita 444. Kilo 8,000 zinadai mita 444 na mita 888. Tazama namba hizo kwa makini: vilipuzi vimeongezeka mara nane, umbali umeongezeka mara mbili tu. Hapo ndipo mtunza ghala anaposhawishika kupokea kreti moja zaidi, kisha nyingine. Na hilo ni wimbi la mlipuko peke yake. Vipande vya chuma, na makombora yanayorushwa mazima kutoka kwenye ghala linaloungua, vina hesabu yao na vinafika mbali zaidi.

Kuna jambo jingine ndani ya ile 22.2. Sehemu kubwa ya takwimu zilizoizaa zilitokana na nyumba za matofali za Uingereza zilizobomolewa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Tembe haikuwemo. Ukuta wa miti na udongo unaobeba paa zito la udongo hautikisiki kama ukuta wa matofali wa London, na ukianguka, unaangukia watu waliolala. Usiigeuze namba hiyo kuwa aya ya msahafu. Ongeza umbali, na kama unataka kujua uongeze kiasi gani, jenga tembe moja tupu ndani ya uwanja wako, wataalamu wa vilipuzi waijaribu, uone inavyopasuka. Mafundi wa kuijenga wapo, na ni gharama ndogo kuliko semina.

Nayaandika haya nikiikumbuka Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala lililipuka. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Katika kila tukio zaidi ya watu 20 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Usiku ule wa Gongo la Mboto wazazi walipotezana na watoto wao gizani, maelfu wakaenda kulala Uwanja wa Uhuru, na safari za ndege zikasitishwa. Yale yalikuwa maghala, hayakuwa majaribio, lakini kanuni ya kipeuo cha tatu haiulizi bomu lilikuwa linangoja kazi gani. Na mji unakua. Viwanja vinapimwa, vinauzwa, vinajengwa, na hesabu ya umbali inaharibika bila mtu yeyote kugusa kreti hata moja. Ndiyo maana mtendaji wa kijiji awe mjumbe wa kamati yako ya usalama, mwenye haki ya kupiga kura. Yeye ndiye anayejua nani ameomba kujenga wapi. Kila mwaka aje na orodha ya nyumba mpya, mkae, mkokotoe upya, na ikiwa namba zimekataa, vinavyohama ni vilipuzi. Nyumba zimekuja kuishi. Vilipuzi havina watoto shuleni.

Hapa tumemfikia mbuzi.

Jeshi la Marekani lina kiwango cha usalama wa mifumo kiitwacho MIL-STD-882, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1969, na kinazipanga njia za kupunguza hatari kwa ngazi. Ngazi ya juu ni kuiondoa hatari yenyewe kwenye usanifu. Ikishindikana, ipunguze. Ikishindikana hiyo, weka kifaa cha kinga, halafu kifaa cha kuonya. Chini kabisa, baada ya njia zote kugoma, ndipo panapokaa vibao, taratibu, mafunzo na vifaa vya kujikinga. Sasa nenda kwenye eneo lolote la shabaha utazame kitu cha kwanza kinachokupokea. Ni kibao. Mbuzi hasomi. Ng'ombe hasomi. Mtoto wa miaka minane anayechunga anaweza kusoma kila herufi, lakini mbuzi wa baba ameshapita, na akirudi nyumbani bila mbuzi ana kesi ya kujibu usiku huo. Ataingia. Mimi ningeingia, na wewe afande ungeingia.

Kenya ina ushahidi wa miongo mingi. Huko Archers Post, Samburu, na Dol Dol, Laikipia, jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi ya shabaha kwenye ardhi ambayo watu wanachungia. Mabomu ambayo hayakulipuka siku ya zoezi yaliwangoja wachungaji, watoto wengi miongoni mwao. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu 228 jumla ya pauni milioni 4.5, karibu pauni 20,000 kwa kila mmoja. Kuna waliokuwa wamepoteza mikono. Machi 2021 moto uliozuka wakati wa zoezi la jeshi hilohilo ukateketeza maelfu ya ekari huko Lolldaiga, kwa hiyo kwenye karatasi yako ya ukutani ongeza nyasi kavu za Septemba.

Panda ngazi kutoka juu, basi. Unapima masafa tu? Jaza saruji ndani ya kombora badala ya vilipuzi, uzito uleule, umbo lilelile, na hatari kubwa kuliko zote imekwisha kabla ya kuanza. Unahitaji mlipuko wa kweli? Chagua mwezi ambao mchungaji wako amesema ng'ombe wako mbali. Ng'ombe wanaingia uwanjani kufuata maji? Chimba lambo upande wa pili, zuri kuliko lile la ndani, na ulichimbe mwaka mmoja kabla ili mifugo ilizoee. Ng'ombe hatii kibao, analitii lambo. Sijaona jedwali la vihatarishi lenye mstari wa kuchimba lambo, na ningefurahi kuliona.

Jedwali lenyewe halina mengi. Uwezekano upande mmoja, madhara upande mwingine, rangi nyekundu, njano na kijani katikati. Mchezo unaochezwa humo unajulikana: mradi umechelewa, mtu anapunguza namba moja hapa na nyingine pale, mraba unageuka kijani. Weka masharti mawili. Aliyeandika namba asiwe ndiye anayesaini. Na anayesaini, usiku wa jaribio alale katika kijiji kilicho karibu zaidi na uwanja, kwenye nyumba ya kawaida, pamoja na familia inayomkaribisha. Mezani atauliza maswali ambayo hajawahi kuyauliza.

Sasa mgeni rasmi. Afande, hapa nakuomba kwa moyo wote: usimwalike. Asije siku ya jaribio, na pamoja naye lisije turubai, wala kwaya, wala kipaza sauti, wala ratiba yenye saa ya mheshimiwa kuwasili. Kwa sababu siku yenye mgeni rasmi ni siku ambayo haiwezi kuahirishwa.

Tarehe 24 Oktoba 1960, huko Baikonur, Wasovieti walikuwa wakiandaa jaribio la kwanza la kombora la masafa marefu la R-16. Sherehe za Mapinduzi za tarehe 7 Novemba zilikuwa zinakaribia, na Moscow ilitaka habari njema. Kombora likapata hitilafu likiwa tayari limejazwa mafuta. Utaratibu salama ulikuwa kuyatoa mafuta yote na kuanza upya, kazi ya wiki kadhaa. Wakaamua kurekebisha vivyo hivyo. Marshali Mitrofan Nedelin, mkuu wa kikosi kizima cha makombora, akaletewa kiti akakaa mita chache kutoka hapo, na mkubwa akiwa amekaa, nani angeondoka? Mafundi na maofisa wakazidi kujaa. Swichi moja ikarudishwa mahali pake pa kuanzia, umeme ukapita usikotakiwa, injini ya hatua ya pili ikawaka juu ya matangi ya hatua ya kwanza. Zaidi ya watu 70 waliteketea, Nedelin akiwamo. Mikhail Yangel, aliyelisanifu kombora lile, alipona kwa sababu alikuwa ameingia kwenye handaki kuvuta sigara. Dunia ikaambiwa Nedelin amekufa kwa ajali ya ndege, na karibu miaka 30 ikapita kabla ya wananchi wa Kisovieti kuambiwa ukweli.

Jirani yetu naye aliwahi kuketi kwenye kiti cha mbele. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilipewa na Rais Mobutu wa Zaire eneo kubwa la mkoa wa Shaba, kando ya mto Luvua, la kurushia roketi zake. Majirani, Tanzania miongoni mwao, walitazama kwa mashaka kwamba huenda ni makombora ya vita. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kushuhudia. Roketi ilipanda, ikapinda, ikaanguka bondeni mbele ya macho yake. Safari ile hakuumia yeye, lakini mwaka uliofuata kampuni iliambiwa ifungashe virago.

Kwa hiyo wanavijiji waambie wiki nzima imetengwa, siku yoyote ndani yake, na kila jioni wapewe habari. Mheshimiwa aje wiki inayofuata, aonyeshwe video na makaratasi, apigiwe na ngoma akipenda. Siku yenyewe ya jaribio, mpe filimbi askari mwenye cheo cha chini kuliko wote uwanjani. Akiipuliza, kila kitu kinasimama, hata kama aliyekuwa anahesabu ni jenerali. Na usisubiri hatari ndipo ujue kama anathubutu. Siku ya mazoezi mwagize aipulize bila sababu, kazi isimame kweli, umpe mkono mbele ya wenzake wote.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, wa kuamini karatasi kiasi cha kukataa kufyatua hata moja. Jeshi la majini la Marekani liliingia Vita vya Pili na torpido ya Mark 14, ghali kiasi kwamba majaribio yake ya kweli yalibanwa sana. Manahodha wa nyambizi wakarudi wakilalamika kwamba inapita chini ya meli za adui, na ofisi ya silaha ikawalaumu wao kwa kulenga vibaya. Juni 1942 huko Albany, Australia, Admirali Charles Lockwood akaagiza wavu wa kuvulia samaki utandazwe majini, torpido zikarushwa kuupita, wavu ukatolewa. Matundu yalikuwa karibu mita tatu chini ya kina kilichowekwa. Nawe tafuta wavu wako. Fyatua makombora machache ya saruji kwanza, pima yalipoangukia, uyaweke juu ya lile wingu la madoa. Likitokea hata moja nje ya wingu, simamisha programu yote, hata kama limetua vizuri ndani ya uwanja na kila mtu anapiga makofi. Limekuambia kuna jambo kwenye karatasi ya ukutani ambalo bado halijaandikwa.

Kishindo kikiisha, hesabu. Mabomu 12 yamefyatuliwa, milipuko 11 imesikika. La 12 liko wapi? Mwezi wa Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, mtoto alikuja shuleni na kitu alichodhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kilikuwa bomu. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya 40 wakaumia. Mwisho wa safari ya bomu lisilolipuka ni huo: mikono midogo, mzani wa mnunuzi wa skrepa, na shilingi chache za daftari au mandazi. Chuma kina bei kijijini, na mtoto mwenye njaa ya kalamu anakiona kabla ya askari. Nenda mapema kwa wanunuzi wa skrepa wa Singida, Manyoni na Itigi, waonyeshe picha za kombora lako, wajue wampigie nani simu, na malipo ya taarifa yawe makubwa kuliko bei ya chuma. Nenda shuleni na picha hizohizo, mwalimu azibandike.

Kisha msako. Watu wasimame kwa mstari, hatua chache kati yao, na vifaa vya kugundua chuma, wapite eneo lote la wingu la madoa hadi kwenye lile doa la mbali. Usiku pawe na walinzi. Likionekana, lisibebwe na mtu. Wataalamu waliteketeze hapohapo lilipo, na mtendaji wa kijiji asaini kwamba ameona kwa macho yake. Gharama zote hizi ziingie kwenye bajeti ya jaribio kabla kombora la kwanza halijanunuliwa, na kama fedha za msako hazipo, basi fedha za jaribio hazipo. Wakati la 12 halijapatikana, njia ya kwenda lambo la ndani ibaki imefungwa hata kama ni miezi mitatu, na maji ya ng'ombe yapelekwe kwa boza la jeshi, kila asubuhi, kabla mifugo haijatoka zizini.